Kwa nini wachoraji na wachongaji wanawake wa Paris walianzisha chama chao mwaka 1881?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za uchoraji hapa Tanga. Katika somo la historia ya sanaa tulielezwa kwamba mwaka 1881 wanawake wa Paris waliunda umoja wao wa wachoraji na wachongaji, ilhali maonyesho makubwa ya mji huo yalikuwa yakiwapokea wanawake tangu zamani. Kama mlango ulikuwa wazi, walikuwa wanatafuta nini? Na je, si kweli kwamba chama cha wanawake peke yao kiliwaweka kando badala ya kuwasogeza mbele?

Jibu: Dada msomaji, swali lako limegusa palepale ambapo maelezo mengi hupita haraka. Ni kweli kwamba maonyesho makubwa ya Paris, yaliyoitwa Salon, yalikuwa yamepokea kazi za wanawake kwa miaka tisini kabla ya chama hicho kuzaliwa. Ukumbi wa kuonyeshea kazi ulikuwa wazi, ila darasa la kujifunzia kazi hiyo lilikuwa limefungwa. Mtu asiyeitenganisha milango hii miwili hawezi kuelewa kwa nini chama kilianzishwa, kwa nini kiliendeshwa kwa namna iliyowachekesha wahakiki, wala kwa nini nadhani kilistahili heshima kubwa kuliko ile kiliyopewa.

Nianze nyuma kidogo. Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, sanaa ilisimamiwa na Akademia ya Kifalme, na akademia hiyo ilikuwa imeweka ukomo wa wanawake wanne tu kwa wakati mmoja. Siku ya tarehe 31 Mei 1783 walipokelewa wawili kwa pamoja, Élisabeth Vigée Le Brun na Adélaïde Labille-Guiard, na kwa kuingia kwao nafasi zote nne zikawa zimejaa. Mapinduzi yalifungua Salon ya mwaka 1791 kwa kila msanii, mwanamume kwa mwanamke, na idadi ya wanawake walioonyesha kazi zao ikaongezeka. Lakini mapinduzi hayohayo yalipojenga upya taasisi za elimu, mambo yaligeuka. Taasisi ya Taifa iliyoundwa mwaka 1795, ambayo ilirithi kazi za akademia za zamani, haikumpa mwanamke kiti hata kimoja. Kwa hiyo ile nafasi finyu ya watu wanne ikawa hakuna kabisa, huku ukumbi wa maonyesho ukiwa umepanuliwa. Hali hiyo ya kutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine ndiyo waliyoirithi wanawake wa karne ya 19.

Sasa tuangalie hilo darasa lilikuwa na nini ndani yake. École des Beaux-Arts, yaani Shule ya Sanaa ya serikali mjini Paris, ilifundisha bila ada. Kijana aliyefaulu mtihani wa kuingia alipata walimu waliokuwa wasanii wakubwa wa nchi, alipata maktaba na mkusanyiko wa sanamu za kale za kunakili, na zaidi ya yote alipata nafasi ya kuchora, siku baada ya siku, mwili wa binadamu aliyesimama uchi mbele ya wanafunzi. Hilo la mwisho huenda likaonekana dogo kwa mtu asiye wa fani yetu, lakini wewe unayejifunza kuchora unajua uzito wake. Picha zilizohesabiwa kuwa za daraja la juu wakati ule zilikuwa zile za historia, za dini na za hadithi za Wayunani, zilizojaa watu wengi wanaopigana, wanaokimbia na wanaoanguka. Asiyejua msuli unavyovuta na mfupa unavyobeba hakuweza kuzichora, na akabaki na maua, matunda na sura za jamaa zake. Kisha wahakiki walimtazama na kusema kwamba mwanamke kwa maumbile yake hupenda maua.

Shule hiyo ilikuwa pia njia ya kuelekea tuzo iitwayo Prix de Rome. Mshindi wake alipelekwa Roma kwa gharama ya serikali na kukaa miaka kadhaa katika Villa Medici akijifunza, na aliporudi alikuwa mtu wa kwanza kukumbukwa serikali ilipohitaji sanamu ya kuweka uwanjani au michoro ya kupamba ukuta wa jengo la umma. Hapakuwa na kikwazo kimoja tu, basi. Ilikuwa ngazi nzima, na mwanamke alizuiwa asikanyage hata kipandio cha chini.

Serikali haikuwa imewasahau wasichana moja kwa moja. Tangu mwaka 1803 ilikuwapo shule ya bure ya kuchora kwa wasichana mjini Paris, ambayo Rosa Bonheur aliisimamia kwa miaka kadhaa baada ya baba yake kufariki mwaka 1849. Lakini shule ile ililenga kuwapa binti za watu wa kipato kidogo ufundi wa kujikimu, kama vile kupamba vyombo vya kaure, mapepeo na vitambaa. Ni kazi halali na yenye heshima, ila haikumfikisha mtu Roma. Bonheur mwenyewe, mchoraji wa wanyama aliyejulikana hadi Uingereza na Marekani, alitunukiwa nishani ya Legion of Honour mwaka 1865, akiwa msanii mwanamke wa kwanza kuipata. Taifa lilimvika mwanamke nishani kifuani, na shule ya taifa hilohilo isingempokea kama mwanafunzi.

Waliokuwa na fedha walikwenda kwenye shule za watu binafsi. Maarufu kuliko zote ilikuwa Académie Julian, iliyoanzishwa na Rodolphe Julian mwaka 1868, ambayo ilikuwa na vyumba vya wanawake na iliwaruhusu kuchora mwili wa binadamu. Wanawake walitozwa ada ya juu sana kuliko wanaume kwa mafunzo ya aina moja. Hapo ndipo alipojifunza Marie Bashkirtseff, binti wa familia ya kikabaila kutoka eneo ambalo leo ni Ukraina. Mwaka 1881 aliandika kwa jina la bandia katika gazeti la Hubertine Auclert, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, akilalamika waziwazi kwamba Shule ya Sanaa imefungiwa wanawake. Ninautaja mwaka huo kwa makusudi, kwa sababu ndio mwaka wenyewe wa kuzaliwa kwa chama unachouliza.

Aliyekianzisha alikuwa mchongaji, na hilo nalo lina maana. Hélène Bertaux alizaliwa Paris mwaka 1825 na akajifunza uchongaji tangu utotoni katika karakana ya baba yake wa kambo, ambaye naye alikuwa mchongaji. Katika uandishi wa wakati ule mara nyingi alitajwa kwa jina la mumewe, Madame Léon Bertaux. Alikuwa fundi asiyeogopa kazi kubwa. Sanamu yake ya mateka kijana wa Gallia, yaani mtu wa jamii zilizokaa Ufaransa kabla ya Warumi, aliionyesha mwaka 1867, nayo ni mwili mzima wa mwanamume aliye uchi, somo ambalo watu walidhani mwanamke hawezi wala hapaswi kuligusa. Mwaka 1873 alianza kufundisha wanawake uchongaji, na mwaka 1879 alijenga karakana maalumu kwa ajili yao.

Uchongaji ni sanaa ghali. Mchoraji maskini anaweza kununua turubai na rangi chache akafanya kazi chumbani kwake. Mchongaji anahitaji udongo mwingi, plasta, marumaru au shaba, mafundi wa kumsaidia, nafasi pana, na mteja mwenye fedha ambaye mara nyingi ni serikali au manispaa. Bertaux alijua kwa mikono yake mwenyewe kwamba msanii aliye peke yake hawezi kuubeba mzigo huo. Naamini ndiyo sababu wazo la umoja lilitoka kwa mtu wa fani yake.

Mwaka 1881 pia serikali ya Ufaransa ilijiondoa katika kuendesha Salon na kuikabidhi kwa wasanii wenyewe, wakaunda shirika lao la Société des artistes français. Kuanzia hapo mambo ya jopo la waamuzi, medali na mpangilio wa picha ukutani yakawa mikononi mwa chama. Wanaume walikuwa wamejipanga. Katika jopo hapakuwa na mwanamke. Bertaux akawakusanya wenzake na kuunda Union des femmes peintres et sculpteurs, yaani Umoja wa Wanawake Wachoraji na Wachongaji, chama cha kwanza cha namna hiyo nchini Ufaransa. Maonyesho ya kwanza yalifanyika mwaka 1882, na tangu hapo yakawa ya kila mwaka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulikosoa nami hulitetea. Katika maonyesho hayo milango ilikuwa wazi sana. Mwanachama aliyelipa ada yake alitegemea kuonyesha kazi zake, na uchujaji mkali uliokuwa desturi katika Salon haukuwapo. Matokeo yake, kazi ya fundi aliyekomaa ilitundikwa karibu na ya mwanafunzi wa juzi, na picha za maua, sura za watoto na mapepeo yaliyopakwa rangi zilikuwa tele. Wahakiki waliandika kwa dharau au kwa upole wa kumbembeleza mtoto, na wapo wanachama wenyewe waliotaka kamati ya kuchuja kazi ili jina la chama lisishuke. Mvutano huo uliendelea kwa miaka, na pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Hata hivyo, tukikumbuka kilichokuwa kinatafutwa, uwazi ule una mantiki yake. Chama kilikuwa kikijiandaa kwenda mbele ya wizara na bunge kusema kwamba wanawake wanaofanya kazi hii ni wengi, kwamba wengi wao wanaifanya ili waishi, na kwamba wanajifunza kwa gharama kubwa na kwa njia pungufu. Hoja ya namna hiyo haithibitishwi na picha kumi bora. Inathibitishwa na ukumbi uliojaa, mwaka baada ya mwaka, na hata udhaifu wa baadhi ya kazi ulikuwa ushahidi wa kile ambacho wanawake walinyimwa. Aliyeingia mle akiona picha dhaifu na kusema kwamba wanawake hawawezi, alikuwa anaangalia tokeo na kuliita chanzo.

Chama hakikukosa kazi za kiwango cha juu. Bashkirtseff alifariki kwa kifua kikuu mwezi Oktoba 1884 akiwa na umri wa miaka 25, mwaka uleule ambao picha yake ya watoto wa mitaani wanaojadiliana, iitwayo Le Meeting, ilivuta macho ya watu katika Salon. Mwaka 1885 Umoja ulimwandalia maonyesho ya kumbukumbu ya kazi zake. Virginie Demont-Breton, binti wa mchoraji Jules Breton, alichora familia za wavuvi wa pwani ya kaskazini ya Ufaransa, akina mama wenye mikono ya kazi wakiwaogesha watoto wao baharini, na picha zake zina uzito ambao hakuna aliyeweza kuuita mchezo. Mtu aliyekulia pwani kama wewe akiziona atawatambua watu hao mara moja, ingawa bahari yao ni ya baridi.

Lazima niseme pia kwamba baadhi ya wale tunaowasifu zaidi leo hawakuutegemea Umoja. Berthe Morisot na Mary Cassatt walionyesha kazi zao pamoja na kundi la Waimpreshonisti, wachoraji walioandaa maonyesho yao wenyewe nje ya Salon, na walikuwa na mali ya familia iliyowawezesha kuchagua njia hiyo. Uongozi wa Umoja ulikuwa wa watu wa tabaka la kati na la juu, waangalifu, wasiotaka chama kihusishwe na madai ya kura. Kuna wanaowalaumu kwa hilo. Mimi nakumbuka kwamba chini ya sheria ya Ufaransa ya wakati ule mke hakuweza kuingia mkataba bila idhini ya mumewe, na hata haki ya kusimamia mshahara wake mwenyewe aliipata kwa sheria ya mwaka 1907. Watu waliofungwa kiasi hicho walichagua dai moja, wakalishikilia bila kuliachia.

Dai hilo lilitolewa rasmi mwaka 1889, wakati wa Maonyesho ya Dunia yaliyoacha mnara wa Eiffel mjini Paris. Katika kongamano la kimataifa la kazi na taasisi za wanawake, Bertaux alipendekeza kwamba Shule ya Sanaa ifungue darasa la wanawake, lililotengwa na la wanaume, na kwamba wanafunzi wake waruhusiwe kushindania Prix de Rome. Kongamano lilikubali. Angalia maneno yake: aliomba darasa la peke yao. Alijua kwamba kuomba kukaa pamoja na wanaume mbele ya mtu aliye uchi kungewapa wapinzani silaha ambayo wangeitumia mara moja, na bado hakuacha lile la Prix de Rome, ambalo ndilo lililokuwa na uzito wa kweli.

Mwaka 1890 Umoja ulianza kutoa jarida lake lenyewe, Journal des femmes artistes, na viongozi wake walikwenda kujieleza mbele ya kamati ya shule. Demont-Breton aliacha maelezo ya kikao kimojawapo. Anasimulia kwamba Charles Garnier, msanifu wa jengo la Opera la Paris, alisisitiza kuwa vijana wa kiume na wa kike hawawezi kuwekwa chini ya paa moja, maana ni kama kuweka moto karibu na baruti. Mchongaji Eugène Guillaume akampinga kwa ukali, akisema kwamba msanii aliye kazini hafikirii kitu kingine ila kazi yake. Wengine walijificha nyuma ya bajeti, wakidai kwamba hakuna fedha za kujenga vyumba vipya. Kutoka siku ile hadi mlango kufunguliwa ilipita takriban miaka saba ya barua, ripoti na kurudi tena wizarani. Katika kipindi hicho Bertaux aliacha uongozi, mwaka 1894, na Demont-Breton akashika nafasi yake.

Mwaka 1897 wanawake waliruhusiwa kuingia katika maktaba, mihadhara na mitihani ya shule hiyo. Wanafunzi wa kiume walifanya ghasia, wakawazomea wenzao wapya kwa kelele za kutaka wanawake waondoke, hata shule ikafungwa kwa muda. Haikufungwa ili kuwatoa wanawake. Ilipofunguliwa nao walirudi. Mwaka 1900 zilifunguliwa karakana zao, ile ya uchoraji ikiwa chini ya Ferdinand Humbert. Mwaka 1903 Prix de Rome ikawa wazi kwao, na mwaka 1911 Lucienne Heuvelmans akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo kuu ya sanaa hizi, katika uchongaji. Bertaux alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Katika uchoraji ilibidi kusubiri hadi Odette Pauvert mwaka 1925.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba ushindi huo ulikuja wakati tuzo yenyewe imeshapoteza thamani. Salon ya Wahuru ilikuwapo tangu 1884, bila jopo la waamuzi; chama kikuu cha wasanii kiligawanyika mwaka 1890; wafanyabiashara wa picha walikuwa wamechukua nafasi ya serikali katika kuwajenga wachoraji wapya. Kwa upande wa uchoraji nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kwa upande wa uchongaji sikubali. Sanamu za viwanjani ziliendelea kulipiwa na serikali na manispaa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mji na kijiji cha Ufaransa kilitaka mnara wa kumbukumbu ya wafu wake. Aliyekuwa na jina la Shule ya Sanaa na la Villa Medici nyuma yake aliingia katika ushindani huo akiwa na cheti ambacho kamati za miji zilikitambua. Na bado lipo jambo lililo wazi zaidi, kwamba elimu ya bure ilikuwa muhimu kwa binti asiye na fedha za kulipa Julian, vyovyote mitindo ya sanaa ilivyokuwa inabadilika.

Nikirudi kwenye sehemu ya pili ya swali lako, nakubali kwamba kama ukumbi wa maonyesho, Umoja uliwaweka wanawake kando. Mhakiki aliweza kuandika aya moja juu ya maonyesho ya wanawake, kisha akajiona amemaliza habari yao kwa mwaka huo. Baadhi ya viongozi walizidisha hatari hiyo waliposema kwamba mwanamke ana sanaa yake ya kipekee, yenye usafi na upole, kwa sababu maneno hayohayo ndiyo waliyoyatumia waliotaka abaki na maua. Lakini kama chombo cha kudai haki katika sheria na taratibu za shule, sioni ni nani mwingine angeifanya kazi ile. Mchoraji mmoja mmoja, hata awe na kipaji cha Morisot, hakuwa na mahali pa kusimama mbele ya wizara.

Ukitaka kulinganisha, wenzao wa nchi nyingine walitangulia na walifuata njia tofauti. Chama cha London kilianza mwaka 1857. Cha Berlin kilianza mwaka 1867, nacho hakikungoja serikali: kilifungua shule yake mwenyewe, ambamo Paula Modersohn-Becker alijifunza na Käthe Kollwitz alijifunza kisha akafundisha, na kikaweka mfuko wa kuwakopesha na kuwasaidia wanachama walioishiwa. Wanawake wa Berlin walipata shule nzuri mapema, ila waliilipia wenyewe, na akademia ya serikali yao iliendelea kuwafungia mlango hadi mwaka 1919. Wanawake wa Paris waliona kwamba kodi ya Mfaransa ilikuwa inalipia shule ambayo nusu ya taifa haikuruhusiwa kuingia, wakaamua kutoijengea mbadala.

Mlango mmoja Bertaux hakuupata. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wenzake walitaka achaguliwe katika Akademia ya Sanaa, ile sehemu ya Taasisi ya Taifa iliyokuwa ikitoa hukumu ya Prix de Rome, na akademia haikumpokea. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa humo alikuwa mwigizaji Jeanne Moreau, mwaka 2000.